Metformin na misuli ya Mwalimu: ya kisahani na ya pajani

Swali: "Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 61, naishi Tanga. Huu ni mwaka wa sita nina sukari. Natumia metformin ya miligramu 850 asubuhi na jioni, na vipimo vyangu si vibaya. Tangu mwaka jana natembea alfajiri, na mara tatu kwa wiki nanyanyua vyuma na vijana wa mtaani. Mjukuu wangu anayesoma biolojia chuoni kaniambia dawa hii inaamsha kitu kinaitwa AMPK ndani ya misuli, kilekile kinachoamshwa na mazoezi, kwa hiyo ni kama nafanya mazoezi nikiwa nimelala. Kisha jirani akanionyesha video, bwana mmoja anasema metformin inaua misuli, na anayenyanyua vyuma aachane nayo. Nani mkweli? Siku za vyuma niruke kidonge? Tena miguu inanifa ganzi usiku, ni dawa au ni sukari yenyewe? Na Ramadhani ndiyo hiyo inakuja, vyuma nivipange saa ngapi?"

Jibu:

Shikamoo Mwalimu. Kidonge usikiruke. Nimelitanguliza hilo kwa sababu maelezo yanayofuata ni marefu, na sipendi uyasome huku ukijiuliza umeze au usimeze.

Sasa, mjukuu wako hakukudanganya, na yule bwana wa kwenye video naye hakuokota maneno yake hewani. Kila mmoja ameshika utafiti wa kweli. Walipoteleza ni pamoja: hakuna aliyeuliza dawa ilikuwa kiasi gani, na misuli ilikuwa ya nani.

Tuanze na hiyo AMPK, maana ukishaielewa mengine yatajipanga yenyewe. Nyumbani bila shaka una mita ya LUKU. Uniti zikikaribia kwisha mita inaanza kulia, na nyumba nzima inabadilika tabia: pasi inazimwa, friji inachomolewa, mtu anatumwa dukani kununua umeme. Seli ya msuli nayo inaishi kwa uniti zake, zinaitwa ATP. Kila msuli unapojikunja ATP inavunjika na kubaki ADP. Uniti zikipungua, seli inachukua ADP mbili, inaunga ATP moja, na kinachobaki ni AMP. Msuli ukiwa umetulia AMP huwa kidogo sana, kwa hiyo ATP ikishuka kidogo tu, AMP inapanda maradufu na zaidi. Hiyo AMP ndiyo inayoiliza mita. AMPK ni kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za seli, kinachonasa AMP, kisha kimeng'enya kingine kiitwacho LKB1 kinakibandika fosfati mahali pake maalumu, na hapo kinaanza kutoa amri.

Amri zake ni za nyumba iliyoishiwa umeme. Kwanza zima vinavyokula sana: kutengeneza mafuta mapya, kujenga protini mpya. Pili tafuta nishati. Kwa upande wa mafuta, AMPK inakizima kimeng'enya kinachotengeneza malonili-koenzaimu A. Hiyo malonili ni kama komeo kwenye mlango wa mitokondria, vile vijumba vya seli vinavyochoma chakula kupata nishati, na ikipungua asidi za mafuta zinaingia kuchomwa. Kwa upande wa sukari, jambo ni tamu zaidi, na ndilo linalokuhusu wewe hasa.

Glukosi haiingii kwenye msuli kwa kupenya tu. Inahitaji mlango, na mlango wa msuli unaitwa GLUT4. Milango hii haikai ukutani muda wote. Mingi imefichwa ndani ya seli, imefungashwa kwenye vifuko vidogo, inasubiri kuitwa juu kwenye utando. Anayeita ni nani? Wako wawili. Wa kwanza ni insulini: inagonga kwenye kipokezi chake nje ya seli, ujumbe unapita mkono kwa mkono hadi kwa kimeng'enya kiitwacho Akt, nacho kinaachia breki inayoitwa AS160, vifuko vinapanda. Wa pili ni msuli wenyewe ukifanya kazi. Hapa AMPK, ikisaidiwa na kalsiamu na ishara nyingine za kujikunja, inaachia breki ndugu ya ile, TBC1D1, na milango ileile inapanda bila kumsubiri insulini.

Kwenye kisukari cha aina ya pili, njia ya kwanza ndiyo iliyoziba. Insulini inapiga hodi na ndani hawasikii vizuri. Njia ya pili bado iko wazi. Mwaka 1999 watafiti waliwapandisha baiskeli wagonjwa wa kisukari, wakachukua vinyofu vya misuli yao, wakakuta milango ya GLUT4 imepanda ukutani kama ya watu wasio na ugonjwa. Kwa hiyo Mwalimu, unaponyanyua lile kopo la saruji (najua vyuma vya mtaani, nusu yake ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege), unaipitisha sukari kwenye mlango ambao ugonjwa wako haukuufunga. Na msuli si kitongoji kidogo. Insulini ikiwa juu, sehemu kubwa ya glukosi inayotoka kwenye damu, asilimia 70 hadi 80 kwa vipimo vya kitaalamu, huishia humo.

Metformin inaingilia wapi? Ni dawa ya ajabu kidogo: ilitumika miaka mingi kabla ya mtu yeyote kujua inafanyaje kazi. Wakemia wa Dublin waliitengeneza mwaka 1922, ikawekwa kando, hadi daktari Mfaransa, Jean Sterne, alipoitumia kwa wagonjwa wa kisukari na kuchapisha matokeo yake mwaka 1957. Mwaka 2000 ndipo makundi mawili, moja Grenoble na jingine Bristol, yalipoonyesha kwamba inabana hatua ya kwanza ya mtambo wa umeme ndani ya mitokondria, ile inayoitwa kompleksi ya kwanza. Mtambo ukibanwa, ATP inapungua, AMP inapanda, mita inalia. Mwaka uliofuata, 2001, ikaonekana kwamba metformin inaiamsha AMPK kwenye seli za ini, na misuli ya panya iliyotengwa maabara nayo ikavuta glukosi zaidi. Hata kabla ya hapo, mwaka 1992, kundi moja la Toronto lilikuwa limeonyesha kwamba seli za misuli zikipewa metformin zinahamisha milango ya glukosi kutoka ndani kwenda kwenye utando.

Basi mjukuu wako anasoma vizuri. Hayo yote yamo vitabuni.

Lakini seli za Toronto ziliitwa L6. Ni ukoo wa seli za misuli ya panya ambao umekuwa ukipandwa kwenye visahani vya maabara duniani kote tangu mwisho wa miaka ya 1960. Nazijua kwa karibu, kwani nililea seli hizo nilipokuwa nasoma uzamili, nikizibadilishia maji na chakula siku za Jumapili watu wakiwa ufukweni. Kile kioevu tunachozilishia kina rangi nyekundu ya kupima asidi. Nilikuwa nikitia metformin jioni, nikirudi asubuhi nakuta kioevu kimegeuka manjano. Seli zilikuwa zimebanwa mtambo, zikakimbilia kuvunja glukosi bila oksijeni, zikamwaga asidi ya laktiki hadi rangi ikabadilika. Ishara za AMPK zilikuwa kali, grafu zangu zilipendeza, msimamizi wangu akafurahi.

Kiasi nilichotia kilikuwa milimola 2 kwa lita ya kioevu. Wengi hutia moja au mbili, wengine zaidi. Sasa chukua damu ya mtu anayemeza 1700 kwa siku kama wewe, ipime metformin: mara nyingi utakuta chini ya maikromola 20 kwa lita. Milimola moja ni maikromola 1000. Piga hesabu, wewe ni mwalimu. Seli zangu zilikuwa zinaogelea kwenye dawa mara mia na zaidi ya ile inayopita kwenye paja lako.

Na hata hiyo ndogo haigawanywi sawa. Metformin haipendi kupenya utando yenyewe, inahitaji wabebaji. Ini lina wabebaji wengi wa aina inayoitwa OCT1, na zaidi ya hayo ini ndilo la kwanza kupokea damu inayotoka kwenye utumbo, kwa hiyo dawa inalifikia ikiwa bado nzito. Utumbo wenyewe unabaki na dawa nyingi kuliko damu. Msuli unapata kilichobaki, na unakiingiza polepole. Walipoitia metformin alama ya mionzi na kumpiga mtu picha, ini, figo na utumbo ndivyo vilivyong'aa.

Ndiyo maana mtu mzima akipimwa, hadithi ya kisahani inalegea. Mwaka 2002 yalitoka majibu mawili ambayo huwa napenda kuwasomesha wanafunzi pamoja. La Boston: wagonjwa wa kisukari walitumia metformin wiki kumi, vinyofu vya misuli yao vikaonyesha AMPK imeamka zaidi kuliko mwanzo. La Turku, Finland: wagonjwa waliogunduliwa karibuni waligawanywa, wengine metformin, wengine rosiglitazone, dawa nyingine ya sukari, wengine kidonge kisicho na dawa, kisha msuli ukapimwa moja kwa moja kwa picha za mionzi unavuta glukosi kiasi gani insulini ikiwepo. Rosiglitazone iliongeza. Metformin haikuongeza. Unaweza kuyapatanisha: dawa ikilifanya ini liache kumwaga sukari ovyo usiku kucha, damu inatulia, na msuli uliokuwa umelemewa na sukari nyingi unapata nafuu bila dawa kuugusa sana. Mimi ndivyo ninavyoyasoma majibu yale mawili. Wapo wenzangu wanaoipa misuli nafasi kubwa zaidi, na hatujamaliza kubishana.

Na hata kwenye ini lenyewe, AMPK siyo simulizi yote. Mwaka 2010 watafiti wa Paris waliwatumia panya ambao ini lao halina AMPK kabisa, wakawapa metformin, na sukari ikashuka vilevile. Halafu mwaka 2022 kundi la Xiamen, China, likaonyesha kwamba kwa kiwango kidogo, kile cha kawaida cha mgonjwa, dawa inaweza kuiamsha AMPK kwa kupitia protini moja iitwayo PEN2 kwenye lisosomu, kijifuko cha kusaga taka ndani ya seli, bila uniti za ATP kupungua hata kidogo. Yaani mita inalia na umeme upo! Mwambie mjukuu asome hiyo, ni kazi nzuri sana, na itamfundisha kutochora mshale mmoja tu kutoka dawa hadi msuli.

Kwa hiyo lile la kufanya mazoezi ukiwa umelala, lifute. Ukinyanyua chuma, AMPK inaamka ndani ya msuli uleule unaofanya kazi, kalsiamu inamwagika, nyuzi zinavutwa, damu inaongezeka, mitokondria mipya inaagizwa. Kidonge kinagusa kipande kimoja cha orodha hiyo, tena hasa kwenye ini.

Sasa tumgeukie bwana wa video. Hoja yake, ikisemwa na mtu makini, inakwenda hivi. Nimesema AMPK ikilia inazima ujenzi wa protini. Inafanya hivyo kwa kumfunga mikono msimamizi wa ujenzi anayeitwa mTOR. Huyo mTOR ndiye anayetoa ruhusa nyuzi za msuli zinenepe baada ya kunyanyua vyuma na kula protini. Kama metformin inaiweka AMPK macho muda wote, fundi hapewi ruhusa, msuli haukui.

Kinadharia imekaa sawa, na mwaka 2019 ilipata ushahidi wa watu. Nchini Marekani, wazee wa miaka 65 na kuendelea walinyanyua vyuma kwa wiki 14 chini ya usimamizi, nusu wakimeza metformin na nusu kidonge kisicho na dawa. Waliofika mwisho walikuwa 94. Kiwango chao cha dawa, Mwalimu, kilikuwa 1700 kwa siku, sawasawa na chako. Watafiti walitegemea metformin iwasaidie wazee kujenga msuli. Ikawa kinyume: makundi yote mawili yalipata msuli, ila wasiotumia dawa walipata zaidi, na mapaja yao yalionyesha hivyo kwenye picha. Kwa upande wa nguvu, waliotumia dawa walielekea kubaki nyuma kidogo, lakini tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuitegemea. Mwaka huohuo utafiti mwingine wa Marekani, wa watu 53 wenye umri mkubwa waliofanya mazoezi ya pumzi, yaani ya kukimbiza moyo na mapafu, kwa wiki 12, ulikuta kwamba metformin ilipunguza karibu nusu ya ongezeko la uwezo wa mwili kutumia oksijeni, na mitokondria ya misuli haikuongeza utendaji wake kama ya wenzao.

Haya nayaheshimu. Kama kijana mzima asiye na ugonjwa wowote angeniuliza ameze metformin ili aishi miaka mingi, kama wanavyofanya baadhi ya matajiri wa ng'ambo, ningemwonyesha tafiti hizi mbili na kumwambia awekeze kwenye viatu vya kutembelea.

Lakini angalia walikuwa nani. Wale wa vyuma walikuwa wazee wenye afya, hawana kisukari. Wale wa mazoezi ya pumzi nao hawakuwa na kisukari, walikuwa na vihatarishi vya kukipata tu. Misuli yao haikuwa na tatizo ambalo dawa ingelitibu, kwa hiyo dawa ilibaki na gharama bila faida. Wewe ni mtu mwingine. Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu, yenyewe inakula misuli: wazee wenye kisukari wamefuatiliwa kwa miaka na kuonekana wakipoteza msuli na nguvu haraka kuliko wenzao. Na wanaume wazee wenye kisukari waliokuwa wakitumia metformin au dawa za jamii ya rosiglitazone walipofuatiliwa, walipoteza msuli kidogo kuliko wenye kisukari wasiotumia. Huo wa mwisho ni ufuatiliaji tu, haukugawa dawa kwa kura, kwa hiyo siubebeshi mzigo mkubwa. Ila hauendi na maneno ya kwamba dawa inaua misuli. Hata kwenye utafiti anaoutegemea yeye, waliomeza dawa waliongeza msuli. Waliongeza kidogo kuliko wenzao. Kutoka hapo hadi "inaua" ni safari ndefu, na nadhani aliisafiri kwa ajili ya watazamaji.

Upande wa pili wa mizani umewekwa siku nyingi. Uingereza, kwenye utafiti mkubwa uliotoa majibu yake mwaka 1998, wagonjwa 342 wenye kisukari na uzito mkubwa waliwekwa kwenye metformin. Wakilinganishwa na walioachiwa chakula na ushauri, vifo vilivyotokana na kisukari vilikuwa pungufu kwa asilimia 42, na vifo vyote kwa asilimia 36. Hayo hayatupwi kwa ajili ya sentimita moja ya paja.

Na vyuma navyo usivitupe, maana ipo hesabu nyingine. Marekani, mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wanakaribia kupata kisukari waligawanywa. Waliopewa metformin 850 mara mbili walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 31. Waliobadilisha chakula na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, asilimia 58. Hao walikuwa bado hawajaugua na wewe umeshaugua, lakini inakupa picha ya nguvu ya miguu yako.

Kuhusu kuruka kidonge siku za vyuma: sielewi kungesaidia nini. Metformin haivunjwi mwilini, inatolewa na figo ikiwa nzima kama ilivyoingia, na inachukua saa nyingi. Ukikosa kidonge cha asubuhi bado ya jana imo. Ungebaki na sukari inayopanda na kushuka, na msuli usingepata likizo unayoitafuta. Ukitaka kumsaidia msimamizi mTOR, mpe vifaa: kula protini karibu na muda wa vyuma. Dagaa, maharage, mayai, kunde, samaki wa Tanga ambao sina haja ya kukusifia. Ongeza uzito wa chuma taratibu kila wiki chache, kwa sababu msuli unaozoea uzito uleule hauna sababu ya kukua, dawa iwepo isiwepo. Usibane pumzi unaponyanyua. Na kama macho yako hayajapimwa kwa muda, yapimwe kwanza, maana kisukari kikiwa kimegusa mishipa ya ndani ya jicho, kunyanyua mizigo mizito kunaweza kuivujisha damu. Matembezi yako ya alfajiri ni mazuri, lakini ukipata dakika kumi au kumi na tano baada ya mlo wa jioni, ongeza: wakati huo glukosi ndiyo inapanda na milango ya msuli inafunguka kwa wakati wake.

Umeitaja metformin peke yake. Kama ndivyo, hofu ya sukari kushuka ukiwa kwenye vyuma ni ndogo, kwa sababu metformin hailisukumi kongosho litoe insulini. Kama kwenye kifuko cha dawa kuna glibenclamide pia, ambayo hulisukuma kongosho, au unachoma insulini, basi hesabu inabadilika. Pima kabla ya kunyanyua, uwe na glukosi au juisi karibu, na wale vijana wajue dalili: kutoka jasho la baridi, kutetemeka, kuongea mambo yasiyoeleweka. Vilevile, kama unatumia dawa ya lehemu kama atorvastatin na misuli inauma bila sababu, mweleze daktari. Hiyo ni dawa nyingine yenye kesi yake na misuli, na metformin mara nyingi hulaumiwa kwa makosa yake.

Sasa ganzi. Hapa ndipo ningependa uchukue hatua wiki hii. Kisukari kinaharibu neva za miguu, hilo kila kliniki inalisema, na kwa sababu linasemwa sana watu huacha kutafuta sababu nyingine. Metformin ikitumika miaka mingi, hasa kwa dozi kubwa, inapunguza ufyonzwaji wa vitamini B12 kwenye utumbo mdogo. B12 ikipungua dalili ni hizihizi: ganzi, kuwaka moto, miguu kupoteza uimara, uchovu, wakati mwingine na upungufu wa damu. Mgonjwa anaambiwa "ni sukari yako", anaongezewa metformin, na tatizo linazidi. Umeitumia miaka sita, kwa hiyo omba kipimo cha B12 kliniki. Kikionyesha iko chini, utapewa sindano au vidonge vya vitamini hiyo, na metformin kwa kawaida inaendelea. Maini, samaki, mayai na maziwa vina B12, mchicha na maharage havina. Usianze kujitibu kabla ya kupimwa, maana ukishameza vitamini kipimo kinapoteza maana. Na kila usiku angalia nyayo kwa kioo. Anayenyanyua makopo ya zege huku miguu ina ganzi avae viatu vilivyofunika vidole, si ndala.

Wakikutoa damu, waombe wapime na figo. Unakumbuka kioevu changu kilichogeuka manjano? Kwa dozi ya kawaida na figo nzima hilo halikutokei. Lakini figo zikishindwa dawa inarundikana, na kwa nadra sana mtu mzima anaweza kugeuka kisahani, asidi ya laktiki ikampanda kwenye damu kiasi cha kumuua. Dawa ndugu yake ya zamani, phenformin, iliondolewa nchi nyingi miaka ya 1970 kwa sababu hiyo. Kwa hiyo uwezo wa figo ukishuka chini ya 30 kwa kipimo cha eGFR, metformin inasimamishwa. Na siku ukiharisha au kutapika mfululizo, ukashindwa kunywa maji, isimamishe na uende hospitali, usisubiri tarehe ya kliniki. Hiyo ndiyo siku pekee ya kuruka ninayokubaliana nayo.

Ramadhani, kwa anayetumia metformin peke yake mara mbili na figo ni nzima, huwa haina shida kubwa: kidonge kimoja futari, kimoja daku. Lakini pitia kliniki wiki kadhaa kabla, maana mwenye miguu yenye ganzi anastahili kuangaliwa upya kabla ya kufunga. Vyuma vihamishie usiku, saa moja au mbili baada ya futari nyepesi, ukiwa umeshakunywa maji ya kutosha. Alfajiri baada ya daku usinyanyue, utaingia mchana ukiwa na kiu ya siku nzima. Jioni kabla ya adhana ndiyo saa mbaya kabisa. Na usiku utakaosali tarawehe rakaa zote ishirini, zihesabu kwenye mazoezi yako na vyuma uviache hadi kesho. Kusimama, kurukuu na kusujudu kote huko, mapaja yanafanya kazi, na mapaja ndiyo tunayoyazungumzia.